Nani Ashinde, Nani Atosheke

Hotuba kwa vijana wanariadha, wazazi na makocha, katika ukumbi wa mtaa, Eastlands, Nairobi

Wazazi wetu, makocha wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huku mbele: hamjambo.

Swali mlilonipa ni hili: je, kila mtu afundishwe kupigania ushindi, au afundishwe kutulia na kuridhika na alicho nacho? Jibu langu nalitoa mapema, ili anayetaka kubishana apate muda wa kujiandaa. Ushindi si wajibu wa kila mtu. Kutosheka ni haki ya kila mtu, ila hakuji kwenyewe. Kuna kazi yake na kuna hesabu zake. Tena anayetaka kushinda kweli hafiki mbali kabla hajajua kutosheka. Hilo la mwisho ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Tarehe 9 Agosti 2012, London, fainali ya Olimpiki ya mita 800. David Rudisha alishika uongozi tangu mwanzo, bila mtu wa kumwekea kasi, akamaliza kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Hilo kila Mkenya analijua. Wachache wanaangalia mkia wa matokeo yale. Mtu wa nane, wa mwisho kabisa, alikuwa Andrew Osagie wa Uingereza, kwa 1:43.77. Sasa linganisheni. Beijing 2008, Mkenya mwenzetu Wilfred Bungei alitwaa dhahabu kwa 1:44.65. Athens 2004 dhahabu ilikwenda kwa 1:44.45. Sydney 2000, kwa 1:45.08. Muda wa aliyeshika mkia London ulikuwa bora kuliko muda wa mabingwa watatu wa Olimpiki waliotangulia. Na Osagie alikuwa hajawahi kukimbia upesi kiasi hicho.

Anayejua mbio ataniambia kwamba fainali nyingi hukimbiwa kwa kuviziana: mzunguko wa kwanza taratibu, kisha vita mita 200 za mwisho, ndiyo maana nyakati za miaka ile zilikuwa nzito. Ni kweli kabisa. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Kasi ya siku ile aliiamua Rudisha. Osagie hakuichagua nafasi ya nane. Alichokuja nacho kutoka mazoezini ni miguu ya 1:43.

Kwa hiyo tunapima vitu viwili, na mjini hapa tunavichanganya kila siku. Kuna nafasi, inayotegemea nani amefika. Kuna kiwango, kinachosomwa kwenye saa, kwenye mizani, kwenye karatasi ya majibu. Nafasi ya kwanza ni moja, hata wote wakimbie vizuri namna gani. Kiwango kinaweza kufikiwa na watu 200 siku hiyohiyo, na hakuna aliyemnyima mwenzake. Mzazi anayesema kila mtoto darasani awe namba moja, katika darasa la watoto 50, amekwisha kuamua kwamba 49 watashindwa kabla kengele ya kwanza haijalia.

Sasa niwageukie ninyi vijana mnaokimbia, kwa sababu kwenu jambo hili lina mshahara na lina majeraha.

Mwanariadha anayetaka kushinda hutumia sehemu kubwa ya wiki yake akikubali kupitwa. Angalieni ratiba ya kambi zetu nyingi: Jumanne uwanjani kwa mizunguko ya kasi, Alhamisi mbio za kubadilisha mwendo, dakika moja upesi na dakika moja pole, mara 20 hadi 25, Jumamosi mbio ndefu. Siku zilizobaki ni mbio nyepesi. Nyepesi maana yake nini? Kama unakimbia kilomita 10 kwa dakika 40, yaani dakika 4 kwa kila kilomita, siku nyepesi unakwenda kwa dakika 5 hadi 5 na nusu kwa kilomita. Uweze kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukisikia kundi limenyamaza, ujue wepesi umekwisha na watu wameanza kushindana.

Na hapo ndipo vijana wengi huharibikiwa. Jumatatu asubuhi mko kumi barabarani, mmoja anaongeza hatua, wa pili hataki kuachwa, kufika kilomita ya sita kila mtu anakimbia fainali ambayo haina medali. Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na ini, takriban kalori 2,000 kwa mtu aliyekula vizuri, na kasi kubwa ndiyo inayoila akiba hiyo kwa pupa. Nyuzi za misuli nazo huchanika kidogo kidogo na zinahitaji kama saa 48 kujijenga. Ukizitumia Jumatatu, Jumanne uwanjani huzipati nyakati ulizopangiwa. Ukijilaumu na kujisukuma, Alhamisi unakuwa mbaya zaidi. Baada ya wiki tatu za mtindo huo dalili huonekana: usingizi unakatika, hamu ya chakula inapungua, mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani yamepanda kwa 5 hadi 10 kuliko kawaida yako, na mfupa wa mbele wa mguu unauma ukiugusa kwa kidole. Kijana huyo hakukosa bidii. Alikosa kitu cha kumwambia “leo inatosha”.

Kwa hiyo kocha anapokushika mkono na kukwambia upunguze mwendo, usidhani anakufundisha uvivu. Anakufundisha kuridhika na mwendo wa leo ili Jumanne uwe na kitu cha kutoa. Pimeni mapigo kila asubuhi kabla ya kusimama, kwa sekunde 60, na muandike kwenye daftari. Yakiwa juu siku mbili mfululizo, siku ya tatu iwe ya mapumziko au dakika 30 za mwendo wa mazungumzo. Na kumbukeni Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwenzenu aliyetoka Mombasa juzi mpeni wiki mbili tatu kabla hamjaanza kumlinganisha na mtu yeyote.

Kuna kazi nyingine katika riadha ambayo watu huidharau, nami naona ndiyo inayojibu swali la leo vizuri kuliko zote: kazi ya mweka kasi. Katika marathoni kubwa, waandalizi huajiri wakimbiaji wawili, watatu au zaidi, wakaandikiana mkataba. Mkataba unasema, kwa mfano, kila kilomita dakika 2 na sekunde 55, hadi kilomita 25 au 30, kisha utoke barabarani. Kasi hiyo ikishikiliwa hadi kilomita 42.195 inatoa saa 2, dakika 3 na sekunde 4. Mweka kasi hukata upepo mbele, na huwaondolea walio nyuma mzigo wa kufikiria saa. Akikosea, makosa yake ni yaleyale siku zote: kelele za watu mwanzoni humpandisha, kilomita tano za kwanza zinakwenda kwa 2:50 badala ya 2:55, kundi linakatika, naye anaishiwa kilomita ya 18. Sekunde tano kwa kilomita zinaonekana ndogo kwenye karatasi. Barabarani zinavunja mbio ya watu wote.

Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Walimsaidia waweka kasi 41, wakiingia kwa zamu, saba kwa wakati mmoja: watano mbele yake, wawili nyuma. Haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu wasaidizi walikuwa wakibadilishana njiani na vinywaji aliletewa mkononi. Mmoja wa wale 41 ni Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 2016. Mtu mwenye dhahabu ya Olimpiki nyumbani alisafiri kwenda kumkatia mwenzake upepo. Je, alikuwa ameacha kushindana? Siku ile kazi yake ilikuwa kushika takriban dakika 2:50 kwa kilomita na kulinda nafasi yake katika kundi. Aliifanya, akapisha.

Na msidhani mweka kasi ni mtu dhaifu. Berlin, 28 Septemba 2003, Paul Tergat alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa 2:04:55. Aliyekuja nyuma yake kwa 2:04:56 ni Sammy Korir, ambaye asubuhi ile alianza kama mweka kasi. Sekunde moja. Tergat mwenyewe aliijua ladha ya kupungukiwa: Sydney 2000, katika mita 10,000, alikimbia 27:18.29 na Haile Gebrselassie 27:18.20. Sehemu tisa za mia za sekunde baada ya kilomita kumi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na Tergat alikuwa mshindani kweli. Angepima maisha yake kwa nafasi ile ya pili peke yake, Berlin asingefika.

Niwarudie wazazi, kuhusu shule. Wizara ya Elimu ilikomesha kupanga shule na wanafunzi kwa nafasi katika matokeo ya mitihani ya kitaifa mwaka 2014. KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ulioanza 1985, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Leo ripoti ya mtoto inamwelezea kwa viwango: amezidisha matarajio, amefikisha, anakaribia, au yuko mbali nayo. Hata hivyo mzazi anafika kwa mwalimu na jambo la kwanza analouliza ni, “Amekuwa wa ngapi?” Tunatafuta nafasi hata pale ilipokwisha kuondolewa.

Ubaya wa nafasi ni kwamba haikuambii ufanye nini Jumatatu. Mtoto aliyekuwa wa 30 kwa alama 41 za hesabu, muhula unaofuata akapata 55, anaweza kubaki wa 30 kwa sababu wenzake nao wamepanda. Akipigwa kwa hilo ataona juhudi haina maana, na kwa hesabu anayopewa nyumbani, atakuwa sahihi. Fanyeni hivi. Chukueni karatasi zake tatu za mwisho za somo moja. Gawanyeni maswali kwa mada: sehemu, desimali, vipimo, jometri. Katika kila mada andikeni alama alizopata juu ya alama zilizowezekana. Mara nyingi mtaona alama nyingi alizopoteza ziko kwenye mada mbili. Hizo mbili ndizo za kushughulikia wiki sita, dakika 30 kwa siku, siku nne kwa wiki, na kila Ijumaa maswali matano ya mada hiyohiyo. Akipata manne kati ya matano Ijumaa tatu mfululizo, mada imefungwa, nendeni nyingine. Tuisheni ya masomo yote kila jioni hadi saa tatu usiku haifanyi kazi hii, kwa sababu inarudia hata anayoyajua, na mtoto analala darasani asubuhi.

Mjini humu kuna mashindano ambayo hayana mshindi kabisa, na lazima niyataje. La kwanza ni kamari ya simu. Chukua jakpoti ya mechi 17, kila mechi ina majibu matatu: nyumbani, sare, ugenini. Mchanganyiko wote unafika 129,140,163. Utasema wewe unaijua kandanda, hukisii ovyo. Sawa, tuseme una ujuzi wa kupatia mechi 6 kati ya kila 10. Nafasi ya kupatia zote 17 ni kama moja kwa 5,900. Ukiweka mkeka mmoja kila wiki, ni zaidi ya miaka 110 ya kungoja kwa wastani. Hakuna kocha anayeweza kukufanyisha mazoezi ya hilo.

La pili ni barabara. Gari la abiria likipewa dereva na makanga kwa hesabu ya siku, tuseme shilingi 5,000 za mwenye gari pamoja na mafuta, basi pesa zote za mwanzo si zao. Za kwao ni zile za jioni, baada ya hesabu kutimia. Ndiyo maana kuanzia saa kumi mchana magari mawili ya njia moja hukimbizana kutoka stegi hadi stegi. Abiria wanaongojea pale hawaongezeki kwa sababu magari yamekimbizana. Anayefika kwanza anawachukua wale wale ambao wa pili angewachukua. Kanuni za mwaka 2004, zile wengi wanaziita za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, zilileta mikanda na vidhibiti kasi vya kilomita 80 kwa saa, na zilisaidia, lakini hazikugusa hesabu. Gari ambalo wafanyakazi wake wanalipwa mshahara, na mapato yanakusanywa na sacco kisha kugawanywa, halina sababu ya kukimbiza la mwenziwe. Nasema haya kwa uzito kwa sababu madereva wale ni vijana wa rika lenu. Mtu hawezi kuambiwa awe mtulivu na huku malipo yake yamepangwa ili asitulie.

Linganisheni na chama cha mzunguko, ambacho karibu kila mama aliyekaa humu yumo. Watu 12, kila mmoja 2,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anabeba 24,000. Mwaka ukiisha kila mtu ametoa 24,000 na amepokea 24,000. Hakuna aliyeshinda, na watu wamenunua cherehani, wamelipa karo, wamepaua nyumba ushago. Faida imetoka wapi? Imetoka kwenye pesa nyingi kufika kwa pamoja badala ya kutiririka na kupotea. Chama huvunjika pale aliyebeba mapema anapoacha kutoa, kwa hiyo wenye busara huweka wageni mwishoni mwa foleni mzunguko wa kwanza, kila mmoja ana mdhamini ndani ya kundi, na foleni ya waliobaki hupangwa kwa kura mbele ya wote. Anayepata namba 12 anajua amewakopesha wenzake mwaka mzima bila riba. Vyama vingine humsogeza mbele kwenye foleni mzunguko unaofuata, nami napendekeza hivyo.

Sasa kutosheka kwenyewe. Nilisema kuna hesabu zake. Mtu akisema “mimi nimetosheka” bila kujua ni kwa kiasi gani, mara nyingi amechoka, au ameogopa kujaribu. Na anayesema “sijatosheka bado” bila namba ataendelea kusema hivyo akiwa na nyumba tano Ruaka. Kuipata namba si kazi ngumu. Chukua taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu. Panga matumizi kwa mafungu: kodi, chakula, nauli, stima na maji, shule, wazazi nyumbani. Tafuta wastani wa mwezi. Kisha yaongeze yale yanayokuja mara moja kwa mwaka, karo ya Januari, safari ya Desemba, sare za shule, ukiyagawanya kwa 12. Hapa ndipo karibu kila mtu hukosea. Husahau Januari kila mwaka, na kila mwaka Januari inakuja.

Tuseme jumla imetoka 38,000. Weka asilimia 10 juu yake kwa akiba: 3,800. Namba yako ni 41,800 kwa mwezi. Lengo la akiba ni miezi mitatu ya matumizi, yaani 114,000, na kwa kuweka 3,800 kila mwezi utafika baada ya miezi 30. Hiyo ndiyo kutosha kwako, imeandikwa, ina tarehe. Siku mapato yakizidi 41,800, uwe umeamua kabla: ziada inunue nini? Wengine watainunulia biashara. Mama mboga mmoja anaweza kuamua inunue saa mbili za jioni, afunge kibanda saa kumi na mbili badala ya saa mbili usiku, awe na watoto. Uamuzi wowote ni sawa, ilimradi namba ni yake. Jirani akinunua gari, namba yako haijabadilika hata kwa shilingi moja. Ipitiwe mara moja kwa mwaka, au mtoto akizaliwa, au kodi ikipanda.

Najua kuna mtu humu ananiangalia akisema moyoni: rahisi kuongea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ninakubaliana naye, na ningetaka hili lisikike kuliko yote niliyosema kuhusu pesa. Anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20, huku bomba limepita mita mia mbili kutoka mlangoni pake, asihubiriwe kuridhika. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha, pamoja na afya, makazi na chakula. Kutosheka ni kwa vile vinavyozidi mahitaji. Kwenye mahitaji yenyewe watu wanapaswa kudai, na kudai huko hakuna anayeshindwa kati ya majirani: bomba likifika kwenye ploti yako, wa ng'ambo ya barabara naye anateka.

Ninyi mnaokimbia msitu wa Karura siku za Jumapili, mnakimbia juu ya jambo hilo. Miaka ya 1998 na 1999 sehemu za msitu ule zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti pale, na Januari 1999 walishambuliwa hadi akajeruhiwa kichwani. Hakuridhika, na alikuwa sahihi kutoridhika. Njia zile za udongo mwekundu leo ni za kila mtu, wa kwanza na wa mwisho.

Nimalizie na wale wachache kati yenu ambao wamechagua kushindana kweli. Ni chaguo jema, na sitaki mtu awavunje moyo. Lakini lifanyeni kama kazi. Chagueni jambo moja la kushinda, kwingine kote mkubali kuwa wa kawaida. Mwili mmoja hauwezi kuwa bingwa wa mita 1,500, bingwa wa kilomita 21, na mshindi wa kila mzaha wa barabarani. Wekeni muda: misimu miwili, mingi mitatu. Andikeni mwanzoni ni saa gani itakayoonyesha mnasonga. Kijana wa kilomita 10 kwa dakika 32 ajiulize kama msimu ujao anaweza 31, kwa mazoezi yaleyale aliyo na nafasi ya kuyafanya, kwa chakula kilekile, kwa usingizi wa saa nane.

Mtu akikuletea sindano au vidonge vya “kuongeza damu” ili ufike haraka, ujue anachokuuzia. Dawa inayozidisha chembe nyekundu huifanya damu kuwa nzito, na damu nzito huganda, kwenye moyo au kwenye ubongo. Sheria yetu dhidi ya dawa hizo ni ya mwaka 2016, na adhabu ya kawaida ya kosa la makusudi ni kufungiwa miaka minne. Kwa mtu wa miaka 22 hiyo ndiyo miaka yake bora. Dawa yoyote ya duka, hata ya mafua, mwonyesheni daktari anayejua orodha ya zilizokatazwa kabla ya kuimeza.

Na misimu miwili ikipita saa haijashuka, jambo la kwanza si kukata tamaa wala kuongeza kilomita. Angalieni kwanza kama mmechagua umbali usio wenu. Kenya hupeleka wakimbiaji watatu tu kwa kila mbio ya Olimpiki. Mwaka 2012 Eliud Kipchoge, aliyekuwa na medali za Olimpiki za mita 5,000 kutoka Athens na Beijing, hakuingia kwenye timu. Hakung'ang'ania uwanja. Aprili 2013 alianza marathoni Hamburg, akashinda kwa 2:05:30. Kwa hiyo wewe na kocha wako mkae chini na daftari la nyakati: mita 1,500, 5,000, kilomita 10, nusu marathoni. Ukiona kadiri umbali unavyorefuka ndivyo unavyowakaribia walio bora, hamia mbele, kwa mwaka mmoja, ukiongeza mbio ndefu kwa dakika 10 kila wiki na kupunguza kila wiki ya nne. Ukiona unazidi kuachwa, rudi nyuma kwenye kasi fupi. Ukiona umbali wote unakupa picha ileile, zungumza naye kuhusu kazi ya kuweka kasi, ukocha, au kukimbia kwa afya siku tatu kwa wiki na ufundi mwingine siku nne, na mazungumzo hayo myafanye mapema, ungali na miaka 23, ada ya chuo bado inaweza kupatikana na magoti bado ni mazima.